Simu ya Dubai, Stima ya Kakamega

Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, swali moja halijaisha katika maduka ya simu ya mjini Kakamega, katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na katika nyumba zenye mtoto Riyadh, Doha au London: kifaa kilichonunuliwa ng'ambo kikifika nyumbani, kinaruhusiwa? Na kitalipiwa nini? Majibu yanagongana. Yupo anayeapa kwamba simu isiyosajiliwa itazimwa. Yupo anayesema mahakama ilishafuta hayo yote na sasa simu huingia bure. Wa tatu anashauri uende Kampala, kwa kuwa Afrika Mashariki ni soko moja. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, na kipande hicho ndicho kinachowapotosha wanaomsikiliza.

Jambo lenyewe lina pande tatu ambazo watu huzichanganya: sheria ya kodi, ruhusa ya kifaa kutumika kwenye mtandao, na kufaa kwa kifaa mahali kitakapoishi. Pande mbili za kwanza ndizo hutangazwa redioni. Ya tatu haitangazwi, ilhali ndiyo iliyowatia wengi hasara.

Mkanganyiko ulikoanzia

Habari tatu zilifuatana katika muda wa miezi ishirini.

Ya kwanza ilikuja Novemba 2023, Mamlaka ya Ushuru nchini Kenya, KRA, ilipowakumbusha wasafiri kwamba bidhaa za thamani ya zaidi ya dola 500 zilikuwa zikilipiwa ushuru abiria anapoingia nchini. Malalamiko yakazuka, hasa kutoka sekta ya utalii na Wakenya wa ng'ambo, kana kwamba sheria hiyo ilitungwa wiki ile. Haikuwa mpya. Ilikuwamo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye jedwali la tano linaloorodhesha misamaha. Lakini wengi walielewa kwamba hata simu iliyo mfukoni ingetozwa, na hofu hiyo ikasafiri haraka kuliko ufafanuzi wa baadaye kwamba vitu ambavyo msafiri anavitumia mwenyewe havilengwi.

Ya pili ilikuja Oktoba 2024. Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2025, simu mpya zingeruhusiwa kwenye mitandao ya Kenya ikiwa tu namba zao za IMEI zimewasilishwa kwa KRA na kodi kuthibitishwa. IMEI ni ile namba ya tarakimu 15 inayojitokeza ukibonyeza *#06#. Simu zilizokuwa hewani kufikia Oktoba 31, 2024 hazingeguswa. KRA nayo ikaongeza kwamba abiria wangetakiwa kuandika namba hizo katika fomu yao ya forodha. Waliosikia tangazo hilo hawakulichukulia kuwa tishio tupu, kwani walikumbuka mwisho wa Septemba 2012, simu feki zaidi ya milioni moja zilipozimwa na watu wakaamka na vipande vya plastiki mikononi.

Ya tatu ni ya mahakama. Shirika la Katiba Institute lilipinga mpango huo, likisema serikali ingepata njia ya kufuatilia mawasiliano ya raia. Desemba 2024 mpango ukasimamishwa kwa muda, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha Katiba.

Hapa ndipo kosa kubwa huingia. Kilichofutwa ni amri ya kukusanya namba za IMEI, na faragha ndiyo iliyokuwa kiini cha kesi. Kodi haikuguswa. Anayeagiza simu leo akiamini kwamba hukumu ile ilimwondolea ushuru atashangaa siku kifurushi kitakapozuiliwa uwanja wa ndege.

Kodi ya simu na kodi ya kipakatalishi

Watu huzungumzia kodi ya vifaa vya umeme kana kwamba ni moja. Kuna tofauti kubwa kati ya kifaa na kifaa, na ni makusudi ya sera.

Chukua simu ambayo bei yake, pamoja na nauli na bima hadi Kenya, ni Sh40,000. Kwa viwango vilivyokuwa vikitumika mwaka 2025, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni Sh10,000. Jumla inakuwa Sh50,000, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, yaani Sh5,000. Kodi ya VAT ya asilimia 16 hukokotolewa juu ya Sh55,000, nayo ni Sh8,800. Ongeza ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5, Sh1,000, na tozo ya reli ya asilimia 2, Sh800. Malipo yote ni Sh25,600. Simu ya elfu arobaini imefika elfu sitini na tano na ushee kabla haijapanda basi la kuja Kakamega.

Sasa chukua kipakatalishi cha Sh40,000 hiyo hiyo. Kompyuta ziko kwenye asilimia sifuri ya ushuru wa forodha wa pamoja wa Afrika Mashariki, wala hazina ushuru wa bidhaa. Kinacholipwa ni VAT Sh6,400, ada Sh1,000 na tozo Sh800: jumla Sh8,200. Kwa viwango hivyo simu ilibeba mzigo wa asilimia 64, kipakatalishi asilimia 20 na nusu. Ushauri wowote wa "nunua nje" au "usinunue nje" usiotenganisha vifaa hivi viwili hauna msingi.

Kwa nini simu ibebeshwe mzigo huo? Serikali ya Kenya imekuwa ikiyumba kati ya malengo mawili. Mwaka 2009 iliondoa VAT kwenye simu ili raia wengi wazipate, na matumizi yakapanda. Mwaka 2013 Sheria mpya ya VAT ikairudisha. Mwaka 2022 ukaja ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazotoka nje. Kisha Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kikafunguliwa Athi River, kampuni ya Safaricom ikiwa miongoni mwa wabia, na simu zake za kwanza, Neon Smarta na Neon Ultra, zikauzwa Sh7,499 na Sh8,999. Mantiki yake ni kwamba ya nje ikipandishwa bei, ya ndani itapata pa kusimama. Ni mantiki halali. Gharama yake ni kwamba anayehitaji simu ambayo haiunganishwi nchini, yenye kamera ya kazi au kumbukumbu kubwa, analipia ulinzi wa soko ambalo yeye hana bidhaa ndani yake.

Dola nayo ina sehemu yake. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu Sh160, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh129. Simu ya dola 300 ilitoka Sh48,000 hadi Sh38,700 bila muuzaji kupunguza hata senti. Wengi waliosifu duka fulani la mtandaoni kwa "bei nzuri" mwaka huo walikuwa wanasifu shilingi.

Njia ambazo kifaa hufika

Njia ya kwanza ni ya ndugu anayesafiri, na kwa eneo la Magharibi ndiyo ya kawaida kuliko zote. Vijana wengi, hasa wanawake, wako Ghuba katika kazi za nyumbani, na likizo ya kurudi huwa na sanduku la zawadi. Sheria inampendelea msafiri huyu kiasi: vitu alivyovitumia mwenyewe havitozwi, na vipya vina kiwango cha msamaha, ambacho kithibitishwe kwa KRA kabla ya kila safari kwa kuwa hubadilishwa. Anayerudi kuishi nchini moja kwa moja ana msamaha mpana zaidi kwa vyombo vya nyumbani alivyovitumia huko. Lakini msamaha ni wa mtu na matumizi yake. Simu sita mpya kwenye maboksi yake, hata ziwe za kaka na dada, mbele ya afisa wa forodha ni biashara.

Njia ya pili ni kifurushi cha duka la mtandaoni. Faida yake ni kwamba kila kitu kina karatasi: bei, nauli, risiti ya kodi. Ubaya wake ni kwamba kampuni ya usafirishaji hutoza ada yake ya kushughulikia forodha, na kwa kifaa cha bei ndogo ada hiyo inaweza kukaribia kodi yenyewe.

Njia ya tatu ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayokua: wakala wa mizigo ya pamoja. Unampelekea bidhaa ghalani kwake Guangzhou, Dubai au London, naye anakutajia bei moja kwa kilo au kwa simu, "kodi ndani". Kwa mteja wa Kakamega ni raha tupu. Hajui forodha, hajazi fomu, analipa kwa M-Pesa na mzigo unaletwa na kampuni ya basi. Tatizo ni kwamba tamko la forodha si la jina lake. Mzigo wake ni sehemu ya lundo lililotangazwa kwa jina la wakala, na thamani iliyotangazwa haijui. Lundo likizuiliwa, yeye hana karatasi ya kudai chochote. Haya yaliwahi kutokea kwa kiwango kikubwa: msako wa bidhaa haramu ulioanza mwaka 2018 uliwaacha wafanyabiashara wadogo wa Nyamakima, Nairobi, wakiandamana kwa ajili ya kontena zilizokwama, na wengi wao walikuwa wamelipa kwa mtindo huu huu wa pamoja. Si mawakala wote ni walaghai, la hasha. Lakini bei ya "kodi ndani" iliyo chini ya kodi halisi ina maana moja tu, na aliyesoma hesabu ya sehemu iliyotangulia anaweza kujipimia mwenyewe.

Ya nne ni Kampala. Kutoka Kakamega unapitia Mumias hadi Busia, mpaka ambao kituo chake cha pamoja kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na safari ya kwenda na kurudi inawezekana. Wanaoisifu njia hii hutaja utaratibu rahisi wa biashara ndogo wa Jumuiya, unaomruhusu mfanyabiashara kuvusha bidhaa za hadi dola 2,000 bila ushuru wa forodha. Utaratibu huo upo kweli. Lakini ni wa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya: mahindi, samaki, sabuni, maziwa. Simu iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa kulala dukani Kampala. Isitoshe, bei ya Kampala ina VAT ya Uganda ya asilimia 18 ndani yake. Anayevusha kifaa kimoja mkononi kwa matumizi yake hana la kuogopa sana. Anayevusha kumi kwa kutegemea utaratibu ule amejiweka katika magendo bila kujua.

Hoja za wanaonunua nje

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni ubora kwa bei. Kipakatalishi cha ofisi kilichotumika Uingereza miaka mitatu, kile ambacho wauzaji hukiita Ex-UK, mara nyingi ni imara kuliko kipya cha bei hiyo hiyo. Kiliundwa kwa kazi ya kila siku, kina fremu ya chuma, na betri na diski zake hufunguliwa kwa bisibisi. Mwanafunzi wa Masinde Muliro mwenye Sh25,000 hana njia nyingine ya kupata mashine ya hadhi hiyo.

Ya pili ni uchaguzi. Aina nyingi haziuzwi rasmi nchini. Simu za Google Pixel, kwa mfano, hufika kwa mikono ya waagizaji binafsi.

Ya tatu ni uaminifu, nayo inauma. Wanunuzi wanasema wanamwamini shangazi aliye Dubai kuliko duka lililo mtaani, kwa sababu wamewahi kuuziwa feki. Sheria ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi ipo tangu 2008, na Sheria ya Kulinda Watumiaji tangu 2012, lakini mteja wa kawaida hajui aanzie wapi akiuziwa chaja iliyoungua siku ya pili. Hoja hii haijibiwi kwa kuwalaumu wanunuzi.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba hulinganisha bei ya kwenye kibandiko cha dukani kule na bei ya mwisho ya hapa. Bei ya London ina VAT ya Uingereza ya asilimia 20, na tangu Januari 2021 mgeni harudishiwi tena kodi hiyo. Dubai VAT ni asilimia 5 na mtalii hurudishiwa, ila si mkaazi: yaya anayeishi na kufanya kazi Dubai hana haki hiyo. Saudi Arabia ni asilimia 15 tangu Julai 2020. Kwa hiyo simu inayolipiwa kodi zote inaweza kuwa imelipiwa mara mbili, kule na huku.

Hoja za soko la ndani

Mwenye duka Kakamega hununua mzigo wake Luthuli Avenue jijini Nairobi, analipa kodi ya pango, leseni ya kaunti na mshahara wa kijana wa kaunta. Anashindana na mtu anayeuza simu kutoka sebuleni kwake, zilizoingia ndani ya sanduku la nguo. Ana haki ya kulalamika. Tena duka lake hutoa kitu ambacho hakionekani kwenye bei: siku simu ikikataa kuwaka, mteja ana mlango wa kubisha.

Jambo jingine ambalo wanaonunua nje hulipuuza ni mkopo. Mipango kama Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom na ya M-KOPA humpa mtu simu leo kwa malipo ya kila siku. Jumla yake huwa kubwa kuliko bei ya taslimu, na simu hufungwa ukichelewa, lakini bodaboda asiye na elfu ishirini mkononi hana habari na bei ya Dubai. Kwake yeye, soko la ndani ndilo soko pekee.

Udhaifu wa upande huu ni kwamba ulinzi umekuja kabla ya bidhaa. Simu za Athi River ni za daraja la chini. Kodi inayowalinda waundaji wake inamgonga pia anayetaka simu ya daraja ambalo hawaligusi.

Stima, mawimbi na fundi

Tuseme sasa kodi imelipwa yote, kifaa kimefika na kimewekwa mezani. Kitafanya kazi Kakamega? Hapa ndipo uchambuzi mwingi hunyamaza.

Stima ya Kenya ni volti 240, mzunguko wa Hz 50, na soketi ni ile ya matundu matatu ya mstatili iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Kifaa cha Uingereza huingia moja kwa moja. Cha Dubai vilevile, kwa kuwa soketi zao ni hizo hizo. Cha Ulaya bara kinahitaji adapta ya plagi tu. Lakini Marekani ni volti 120 na Japani volti 100. Blenda, pasi au maikrowevu ya Marekani ikichomekwa kwenye soketi ya Lurambi, Kakamega, kwa adapta ya shilingi mia moja tu huungua papo hapo, kwa sababu adapta hubadilisha umbo la plagi na si nguvu ya stima. Transfoma ya kushusha volti ipo, lakini ya kubeba maikrowevu ni nzito na ghali kiasi cha kuifanya maikrowevu yenyewe isiwe na maana.

Jibu limeandikwa kwenye kifaa chenyewe. Geuza chaja au kisanduku cha adapta, tafuta maandishi madogo yanayoanza na INPUT. Yakisema 100-240V, 50/60Hz, kifaa kitakubali stima ya nchi yoyote. Chaja za simu na za vipakatalishi karibu zote ziko hivyo. Yakisema 120V peke yake, kiache kiliko.

Kisha kuna radi. Magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi nchini, na mwenyeji wa Kakamega anazijua ngurumo za alasiri. Stima hukatika, na inaporudi huja kwa kishindo ambacho hupasua bodi ya runinga. Kinga ambayo madukani huitwa TV guard ni sehemu ya bei ya runinga yoyote hapa, iwe ya nje au ya ndani. Tofauti ni kwamba bodi ya runinga inayouzwa Kenya hupatikana Nairobi, na ya modeli ya Marekani haipatikani.

Runinga ina mtego wa pili. Kenya hurusha matangazo ya kidijitali kwa mfumo wa DVB-T2. Marekani hutumia ATSC, Japani ISDB-T. Runinga iliyotoka huko haitashika hata kituo kimoja cha bure kwa antena yake. Itaonyesha picha kupitia king'amuzi na intaneti, kwa hiyo si hasara kamili, lakini aliyenunua ili bibi kijijini aone habari za saa moja bila malipo ya mwezi amekosea.

Simu nazo. Zilizouzwa Marekani kwa mkataba huweza kuwa zimefungiwa kampuni moja. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa tangu Desemba 2021, ndiyo maana za huko huwa na usumbufu mdogo. iPhone za soko la Marekani, kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zilikuja bila tundu la laini: ni eSIM tu. Safaricom na Airtel wanazo eSIM, kwa hiyo simu itafanya kazi. Ila fikiria betri imeisha njiani na pesa zote ziko M-Pesa. Mwenye laini ya kawaida huitoa akaitia kwenye mulika mwizi ya jirani, akalipa nauli, safari ikaendelea. Mwenye eSIM hawezi. Kwa mji ambao maisha yake yote yako kwenye laini, hilo si jambo dogo.

Na vipakatalishi vya Ex-UK, vile vile nilivyovisifu, vina tarehe ya kuangaliwa. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa kiusalama kwa Windows 10, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inadai prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu. Makampuni ya Ulaya yaliuza mashine za zamani kwa wingi kwa sababu hiyo hiyo, na zimejaa sokoni. HP EliteBook 840 G3, ambayo ni maarufu mno nchini, hubeba prosesa ya kizazi cha 6. Soma namba: i5-6300U huanza na 6, i5-8250U huanza na 8. Tarakimu hiyo moja ndiyo tofauti ya mashine itakayomfikisha mwanafunzi mwaka wa nne kwa usalama na itakayomlazimu kujifunza Linux akiwa mwaka wa pili. Kujifunza Linux si msiba, lakini aelezwe kabla ya kulipa.

Mwisho wa sehemu hii ni fundi. Waranti ya nje mara nyingi haivuki mpaka. Apple, kwa mfano, huweza kuifunga waranti ya iPhone kwa nchi ilikouzwa. Kinachobaki ni uwezo wa fundi wa mjini. Vioo na betri za Tecno, Infinix, itel na Samsung za mfululizo wa A hupatikana upesi kwa sababu simu hizo ni nyingi. Kioo cha Pixel au Sony huagizwa, na gharama yake inaweza kula faida yote uliyoipata Dubai.

Taka

Kila kifaa kilichochakaa kinachoingia nchini kinakaribia siku yake ya kutupwa. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa ipasavyo. Tangu Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel unadai ridhaa ya nchi inayopokea kabla ya taka zozote za aina hiyo kuvushwa. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inaweka wajibu kwa wazalishaji na waagizaji. Lakini mtu binafsi aliyeleta kompyuta moja hana kampuni nyuma yake. Betri yake ikivimba, huishia kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kisimani. Hii ni gharama halisi, na hakuna upande katika mjadala huu unaoiweka kwenye hesabu yake.

Tukiweka mizani

Vipakatalishi ndivyo vinavyostahili kununuliwa nje. Kodi ni ndogo, chaja hukubali stima yetu, na vipuri vya mashine za ofisi ni vingi. Sharti ni kizazi cha prosesa.

Simu hailipi ikiwa kodi zote zitalipwa, isipokuwa ni aina isiyouzwa nchini au ni simu moja ya matumizi inayokuja na mwenyewe. Simu ya kawaida ya kijana wa Kakamega inunuliwe Kakamega, dukani, kwa risiti.

Runinga, friji na vyombo vya jikoni visiagizwe na mtu binafsi, na vya Marekani na Japani visiguswe kabisa. Anayerudi kutoka Uingereza au Ghuba na vyombo vyake alivyovitumia ndiye pekee mwenye sababu.

Kwa upande wa serikali, kosa halikuwa kutoza. Kosa lilikuwa kuacha raia wajue kanuni kutoka kwa uvumi. Hesabu ya simu na kipakatalishi iliyo katika makala haya inaenea kwenye ukurasa mmoja. KRA iibandike ukutani katika Huduma Centre ya Kakamega, kwa Kiswahili, na iibadilishe kila bajeti inapobadilika. Nawe msomaji, kabla hujamtumia shangazi pesa, mwombe akupigie picha tatu: maandishi yaliyo kwenye chaja, namba kamili ya modeli, na risiti ya duka.